Taa Nane za Verlene

Verlene, mke wangu, aliendesha basi la shule namba kumi na saba kwa miaka ishirini na miwili. Lilipoondolewa kazini tulilinunua, tukang'oa viti, tukaweka kitanda na jiko, ili tuzeekee barabarani. Alifariki mwezi wa pili. Nyumba ilikuwa imekwisha kuuzwa. Ilinipasa kuhama Ijumaa, na bila saini ya mkaguzi wa magari basi lisingeruhusiwa kuondoka.

Mkaguzi alikuwa amelikataa mara moja kwa sababu ya taa za onyo, nne mbele na nne nyuma. Mlango ukifunguliwa humweka nyekundu, na kwa sheria magari ya pande zote husimama mpaka watoto washuke; basi lisilo la shule haliruhusiwi kuwa nazo. Nilizipaka rangi nyeusi, nikaona yatosha. Alhamisi asubuhi, kabla mkaguzi hajarudi, alikuja jirani yangu Odell, fundi wa magari.

"Wewe Harlan, ndiyo nini hii? Umezipaka wanja?"

"Si hazionekani?"

"Hebu fungua mlango tuone."

Nikavuta mkono wa mlango. Taa zikaanza kumweka, wekundu ukipenya kwenye michirizi ya brashi. Lori lililokuwa likipita likasimama. La nyuma yake likasimama, na upande wa pili vilevile. Hakuna aliyepiga honi. Walisubiri watoto washuke.

Nami nikasubiri. Sijui kwa muda gani.

"Funga mlango, mzee! Umesimamisha kaunti nzima!" Odell alipaza sauti, kisha akaishusha. "Harlan. Hakuna anayeshuka."

Nikafunga. Magari yakaondoka.

"Nizikate mimi?" akauliza.

"Hapana. Nipe koleo."

Nilikata nyaya za taa ya kwanza, nikafungua skrubu, nikaitoa. Zilizobaki nilizitoa kwa utaratibu uleule, naye Odell akaziba matundu kwa vipande vya bati. Tulipomaliza, mikono yangu ilinuka shaba.

Saa nane mchana mkaguzi alifika. Aliufungua mlango mwenyewe, akatazama barabarani. Gari dogo likapita bila kupunguza mwendo. Akatia saini.

"Hongera, Bwana Stroud. Sasa ni nyumba."

"Ahsante."

Nilingoja kitu kinijie, nafuu au huzuni. Hakikuja.

"Hizi taa nikuwekee wapi?" Odell akauliza.

"Tupa."

"Taa za Verlene?"

"Tupa tu."

Alinitazama, kisha akazibeba mbili mbili hadi kwenye gari lake, akazilaza kitini na kuzifunika koti. Nilimwona. Sikumzuia, wala sikumshukuru.