Sanamu ya Muuza Jibini

Penwold ni mji wa soko, na hati ya mfalme aliyetupa ruhusa ya soko hilo miaka mia saba iliyopita imo ndani ya kabati la kioo, kwenye makumbusho ninayoyatunza. Kila Alhamisi wageni wanashuka basini, wanapanda mnara wa kanisa, wanapigwa picha wakiwa kwenye mkatale wa kufungia wezi, wanakunywa chai, wanaondoka. Kununua, hawanunui. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo. Ila wachuuzi wetu hawakupona, wamefunga mmoja mmoja, kabaki Dorothea Pask na jibini lake.

Mwezi wa tatu Bwana Crispin Lorrimer, mwenyekiti wa kamati ya historia, aliamua kuwaenzi wachuuzi kwa sanamu ya shaba. Mahali palipofaa kuliko pote palikuwa pale pale penye meza ya Dorothea.

"Wewe utahamia nyuma ya maegesho," alimwambia sanamu ilipokuwa tayari.

"Kule atakuja nani, paka? Nikitoka hapa nimekwisha, Crispin. Hebu muulize Wilfred sheria ya kengele."

Wilfred ni mimi. Nikawasomea hati kwa madaha: kengele ya saa mbili asubuhi ikilia, aliyekwisha kusimama mahali, hapo ni pake mpaka jua lizame, na hakuna wa kumwondoa. Lorrimer aliniomba nirudie hapo pa "aliyekwisha kusimama", kisha akaenda zake. Dorothea alinikatia kipande cha jibini bure, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nami nikajiona shujaa.

Alhamisi iliyofuata alifika saa moja na nusu. Sanamu ilikuwa imesimikwa tangu jana yake: mama wa shaba, miguu yote miwili juu ya mawe, kapu la jibini mkononi. Kengele ikalia.

"Huyu kakuwahi, mama," Lorrimer alisema kwa upole. "Sheria ni sheria."

"Huyo hata hapumui!"

"Hati inataka apumue, Wilfred?"

Haitaki. Ningeweza kusema neno, lakini ufunguo wa makumbusho nimepewa na Lorrimer, nikatazama viatu vyangu. Naona aibu mpaka leo.

Dorothea alisimama kando, sanduku lake la jibini miguuni pake, akitumaini kuuza japo kipande. Basi likafika. Wageni wakaizunguka sanamu, wakisifu jinsi Penwold inavyowajali wachuuzi wake. Mama mmoja aliinua kamera, kisha akaishusha.

"Samahani, dada, sogea kidogo. Unaziba."

Dorothea akabeba sanduku lake, akasogea.