Mwito wa Bi Sijaona

Mimi sikwenda kuangalia filamu. Nilikwenda kumsikiliza mama yangu, na kila aliyeniuliza pale Kibiti nilimwambia hivyo hivyo. Habari za Mjerumani aliyekuja kulima pamba na kuwatia watu viboko tumezisikia tangu utotoni, sina haja ya kuonyeshwa ukutani. Lakini sauti ya mama ilikuwa ndani ya filamu ile, na duniani haikuwa imebaki mahali pengine. Simu yangu ni kitochi. Inapiga, inapigiwa, basi.

Mama yangu, Bi Sijaona, aliugua kiharusi baada ya mavuno, akafariki kabla ya Ramadhani. Kilimwanzia mdomoni. Mwanamke ambaye akisema neno linasikika ng'ambo ya mto alilala kwangu wiki kwa wiki akinitazama, machozi yanamtoka upande mmoja, hata herufi moja haitoki. Nilikuwa namwinamia sikioni, namwita ule mwito wetu wa shambani, kisha nangoja. Kimya. Namfuta mate, nakwenda jikoni, nalia huko huko na moshi ili watu wasiulize.

Ule mwito nao nieleze, maana watu wa mjini hamuujui. Shamba letu la mpunga liko Maparoni, huko kwenye delta. Mpunga ukianza kutia maziwa, watu tunahamia shambani, kila mtu na dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu, tunafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Mama alikuwa na dungu lake, mimi langu, na katikati kijito. Alfajiri, akishaswali, kabla mtu hajapiga debe la kwanza, mama anaita: "Mwanabibi weee! Kwako kumekucha?" Hasemi, anaimba. Anaipandisha sauti, anaivuta, halafu anaishusha taratibu. Nami lazima nijibu kwa sauti ile ile: "Kumekucha, mama! Nipooo!" Hapo ndipo siku inapoanza. Ukiita mara tatu usijibiwe, huiti tena. Unashuka unakwenda mwenyewe kumwangalia mwenzio, na hakuna mjadala wa maji wala mamba.

Niliwahi kushikwa na homa nikiwa msichana, usingizi ukanielemea, sikumsikia. Nikashtukia mtu ananitikisa. Mama huyo, khanga imemganda mwilini, matope mpaka kifuani, magugu kichwani. Akanizaba kofi, kisha akanikumbatia akalia mpaka dungu likawa linayumba.

"Usinifanyie hivyo tena, mwana we," akasema. "Kama u hai, nijibu."

Basi Bashiru akaja, mama bado mzima. Bashiru ndiye mtunzi wa muziki wa filamu ile, kijana wa Dar es Salaam, mpole, rasta zake amezifunga nyuma kama mzigo wa kuni. Alisimuliwa na watu wa Kibiti juu ya mwito wetu, akapanda boti na mashine zake kazifunga kwenye nailoni, akafika shambani jua limemchoma pua. Tukampa dafu. Hata hajalimaliza akasema anataka sauti ya mama, mama peke yake.

"Huu hauitwi peke yake, mjukuu wangu," mama akamwambia. "Huyu asiponijibu, mimi nitakuwa nimemwita nani?"

"Bibi, ni kwa ajili ya muziki tu. Nitaweka fidla na zeze chini yake. Sauti mbili zikiingia pamoja sitaweza kuzitenganisha. Niitie hivyo kwanza, kisha nitawarekodi wote wawili."

"Wee kijana," nikadakia, "unataka kunizulia kifo?"

Akacheka. Nami nikacheka, maana nilikuwa nimemtania tu. Mama hakucheka. Lakini mama hakuweza kumnyima mgeni kitu, hata kitu asichokitaka mwenyewe. Akapanda kwenye dungu, akasema bismillahi, akakaa. Mimi nikaketi chini na kipande cha muwa, mkono mdomoni, maana mdomo una mazoea yake.

Akaita. Nikauma muwa. Akaita tena. Mara ya tatu sauti yake ikatetemeka, ikapasuka pale kwenye jina langu. Lo! Nilikuwa naye hapo hapo, naziona nyayo zake zinaning'inia, na bado nilisisimkwa mwili mzima.

Bashiru hajavua vile vya masikioni, tukasikia kilio kutoka kijitoni. Alikuwa Bi Subira, jirani yetu wa shamba la chini, yuko peke yake kwenye mtumbwi, mtandio umeanguka, anapiga kafi huku analia: "Mwanabibi! Jamani, Mwanabibi!" Alizisikia zile tatu, hakusikia jibu. Aliponiona nimeketi na muwa wangu, akashuka mtumbwini akakaa kwenye matope.

"Kumbe mzima?" akasema. "Kumbe mzima! Sasa mama yako humjibu kwa nini?"

Akamgeukia Bashiru. Maneno aliyomwambia siyarudii hapa. Kijana wa watu alipiga magoti akaomba radhi, na Bi Subira alipotulia, Bashiru akamuuliza polepole, alisikia nini kilichomkimbiza vile? Bi Subira akamjibu: "Nilisikia mtu anaita na kule anakoita hakuna watu tena. Hutaki kuisikia hiyo, mwanangu. Omba usiisikie." Bashiru aliinamia mashine yake.

"Haya, nijibu sasa," mama akaniambia kutoka juu. "Usiniache hivi." Akaita upya, nikamjibu kwa kifua chote, akaita nikajibu, mpaka na Bi Subira akaanza kutucheka. Bashiru akarekodi yote. Akaweka mkono kifuani. "Mtasikika wote wawili, dada Mwanabibi," akasema. Neno hilo nililishika.

Mama alipofariki nilimpigia Bashiru simu. Akalia, tena sana. Akasema filamu iko karibu kukamilika na itaonyeshwa Kibiti. "Utamsikia, dada." Nikaanza kuingoja siku hiyo kama mtu anayengoja mgeni. Nilichokitaka ni kitu kimoja tu: mama aniite, na mimi nisikike namjibu, sauti zetu ziwe pamoja mahali ambapo kiharusi hakifiki.

Siku yenyewe nikajifunga doti yake ya khanga, nikampitia Bi Subira, tukakaa mbele kabisa. Ilikuwa baada ya laasiri. Madirisha ya ukumbi walikuwa wameyaziba kwa maturubai, joto kama la tanuri. Bashiru akaja kutusalimia, akamshika Bi Subira mikono yote miwili. Kwangu hakukaa sana. Akaenda kusimama ukutani.

Filamu ikaanza. Mlowezi na nguo zake nyeupe, nyumba yake, farasi wake. Watu wanatolewa kwenye mipunga yao wakampalilie pamba. Kwelea wanashuka kwenye mpunga, hakuna wa kuwafukuza. Nilivumilia. Kisha asubuhi moja askari wakaja wakakusanya kijiji kizima, wake kwa waume, wakawapeleka kwenye pamba. Picha ikabaki shambani. Dungu moja, tupu. Jingine, tupu. Muziki ukapungua, ikabaki fidla moja, nyembamba.

"Mwanabibi weee! Kwako kumekucha?"

Alikuwa mama. Sauti yake nzima, haina kiharusi, haina ugonjwa. Bi Subira akanishika paja. Nilitabasamu huku machozi yananitiririka, nikawa nangoja kujisikia. Nikangoja. Fidla, upepo, dungu tupu. Mimi sikuwamo.

"Mwanabibi weee! Kwako kumekucha?"

Hapo nikajua ametumia ipi, ile ya mama peke yake. Nikamgeukia Bashiru, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Wallahi ningeweza kumrukia pale pale. Lakini nyuma yangu wanawake walikuwa wanalia, wanawake ambao mama yangu hawakumwona hata siku moja. Bashiru alikuwa amemsikiliza Bi Subira vizuri mno. Watu wamechukuliwa, anayeita hana wa kumjibu, na ukumbi mzima umeelewa bila kuambiwa. Kazi yake ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonichoma. Ilikuwa nzuri, na mama yangu yumo ndani yake, leo Kibiti, kesho Dar es Salaam, kila watakapoionyesha ananiita mimi, na mimi sipo.

Nikasimama.

"Kumekucha, mama! Nipooo!"

Sauti ikatoka kama nipo juu ya dungu. Watu wakageuka. Mmoja nyuma akasema, "Mama, kaa chini, unatuziba," mwingine akamnyamazisha. Sikukaa. Nilikuwa nangoja.

"Mwanabibi weee..."

Ile ya tatu, iliyotetemeka, iliyopasuka kwenye jina langu. Aliita vile vile kama aliyeitwa hajasema kitu.

"Nipo, mama! Nipo hapa!" Nikaita mpaka koo likaniwaka. Bi Subira naye alikuwa amesimama, ananishikilia mkono, anaita kwa sauti yake ya kizee: "Yupo, Sijaona! Mwanao yupo, mzima!"

Fidla ikaisha. Kwenye picha yule mlowezi akapanda farasi wake akaingia kwenye pamba. Nikangoja aite tena, nikijua haiti.

Mama yangu namjua. Akiita mara tatu asijibiwe, anashuka, anakuja.

Nikageuka nikautazama mlango. Bi Subira naye alikuwa anautazama.