Jibu Moja la Watu Arobaini

Mimi nilimshuku yule Mzungu tangu alipokunywa chai yangu akaisifu. Chai yangu ya siku zile, jamani! Maji ya moto yaliyopitiwa na maziwa kwa mbali. Maziwa hayakufika mjini bila pasi ya serikali, na mwenye ng'ombe hakutoka nyumbani bila pasi. Wateja wenyewe wa hoteli yangu walinitukana kwa ile chai. Yeye akafuta midomo, akasema, "Nzuri sana, bibi." Nikajiambia, Hidaya, fungua macho, huyu kuna kitu anachokitaka.

Ilikuwa Februari mwaka 1957, mjini Meru, Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau haijaondolewa, na Waafrika tulikuwa tumebakiza wiki chache tupige kura kwa mara ya kwanza. Alijiita Daktari Harwood. Watu waliposikia daktari, mama mmoja akamletea mguu wenye donda. Maskini akaona haya, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba yeye hatibu watu, yeye ni mtaalamu wa sayansi ya siasa kutoka chuo kikuu cha Uingereza, na amekuja kuuliza watu wanauonaje uchaguzi.

"Sayansi ya siasa?" akauliza Abdulatif, jirani yangu mwenye bucha. "Kwani siasa nayo hupimwa joto?"

Abdulatif ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu sisi. Alikuwa na redio ya betri juu ya meza ya nyama, na kila asubuhi, akikata mbavu, alitueleza dunia. Alitueleza Suez hivi: "Mwingereza alikwenda Misri kunyang'anya mfereji. Mmarekani akamwambia, rudi nyumbani. Karudi. Sasa mwanamume aliyeaibishwa sokoni akifika nyumbani hufanya nini? Ama hupiga watu, ama huleta zawadi ili majirani wamwone mwema. Sisi tumepigwa miaka mitano. Sasa tunaletewa zawadi, ndiyo hii kura."

Na zawadi yenyewe alivyoichambua! Mwenye shule na cheo na mali kura tatu, mwingine mbili, mwingine moja, na Mmeru asiye na cheti cha utiifu kwa serikali hana hata moja. "Nikiwapimia nyama hivyo," alisema, "mtanichomea duka." Watu walicheka. Mimi nilimwambia, kaka Abdulatif, punguza sauti.

Nilikuwa na sababu yangu. Mdogo wangu Idrisi, dereva wa lori, alikamatwa mwaka wa hamsini na nne kwa kuwapakia wanaume watatu wa Chuka wasio na pasi. Kwamba ni Mwislamu wa Majengo, kwamba hajui kiapo cha Mau Mau kinafanana vipi, hakuna aliyetaka kusikia. Miaka mitatu alikuwa kambini, kule kwenye joto la Mwea. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule wa kura, afisa wa wilaya tuliyemwita Bwana Shauri akaniita ofisini. Akaniambia kwa upole kwamba faili la Idrisi litasomwa na kamati kule Embu, Ijumaa ya wiki ya kura. "Mji ukikaa kimya mpaka hapo, Hidaya, nitamwandikia maneno mazuri. Nikisikia fununu yoyote, sitaweza." Nilitoka pale nimebeba mji mzima kichwani. Nisingekubali mdomo wa mtu mmoja unirudishie ndugu kambini, wallahi nisingekubali.

Sasa huyu Harwood anakuja kwangu na kitabu cha kuandikia, anaomba akae mezani kwangu awaulize watu maswali, na kwa kuwa mama yangu ni Mmeru, nimtafsirie wale wasiojua Kiswahili. Akatoa barua ya ruhusa. Nikaona saini ya Bwana Shauri. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wazee walisema, na kamba ya huyu ilikuwa na mhuri wa serikali. Nikakubali. Bora akae nimwone kuliko akae nisipomwona.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa mzee Marete, mkulima wa Kibirichia aliyeniletea viazi. Harwood akauliza anatazamia nini katika kura hii. Marete akamjibu kwa Kimeru, pole pole, akimtazama usoni: "Mimi nina cheti. Mwanangu mkubwa hana. Tunakula chungu kimoja, lakini mimi ni mtu na yeye si mtu. Mwambie aulize waliogawa vyeti, asiniulize mimi."

Nikamgeukia Harwood. "Anasema anaishukuru serikali."

Harwood akashika kalamu bila kuandika. "Maneno marefu namna hiyo yana maana fupi namna hiyo?"

"Kimeru ndivyo kilivyo, Bwana Daktari."

Harwood alipoondoka nilimshika Marete. "Mzee, unataka kutuua? Ndugu yangu yuko mlangoni anatoka!" Nikamtungia jibu pale pale, yeye na watakaokuja: *Tunaishukuru serikali. Tutachagua mtu mwenye heshima. Mambo ya nchi za nje hatuyajui.* Sentensi tatu tu, hata mtoto angezishika.

Nilidhani atabisha. Marete akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hilo ni jambo la utu uzima," akasema. "Wazee wa baraza letu la Njuri wakitoka kikaoni hutoka na neno moja. Humwoni mzee akitoka na la kwake mfukoni. Nitawaambia watu wetu."

Kweli akawaambia! Kibirichia wakalijua, wenye ndizi wa Mitunguu wakalichukua sokoni, akina mama wakafundishana kwenye foleni ya pasi. Watu wakaja kwa Harwood wamevaa nguo safi kama wanakwenda kula yamini mahakamani. Bibi mmoja alimjibu kabla hajaulizwa. Mwingine aliulizwa ana watoto wangapi, akasema anaishukuru serikali. Nilikuwa nikicheka jikoni mpaka machozi, nikijisifu. Ebo, na mimi si nina akili!

Abdulatif peke yake alikataa. "Dada Hidaya, nimeishi na watu miaka hamsini, sijaona wawili waliokubaliana hata bei ya utumbo. Unawafanya wafanane hivi kwa nini?" Alipoketi na Harwood alimwaga yote, Suez, Mmarekani, kura za kupimiwa, na Gold Coast ambayo mwezi wa tatu ingejitawala. Harwood aliandika kurasa nne, uso umemchangamka. Nami nikapiga masufuria makusudi wasisikilizane.

Siku moja mchana, hoteli ikiwa tupu, Harwood akaniita mezani.

"Bibi Hidaya, nina watu arobaini. Thelathini na tisa wamenipa jibu moja, neno kwa neno. Katika kazi yangu, watu waliohofu huhofu kila mtu kwa namna yake. Huyu hunyamaza, huyu hukasirika, huyu husifu kupita kiasi. Wakifanana hivi, wamefundishwa. Ni nani aliyewafundisha?"

"Sijui, Bwana Daktari."

Akainamisha kichwa karibu. "Swali la kwanza katika uchaguzi si nani ameshinda. Ni nani hakuruhusiwa kuingia. Baada ya Suez serikali yetu inatazamwa na dunia nzima, inataka picha ya watu wenye furaha kwenye foleni. Mimi sitaki kuandika picha hiyo. Nataka kuandika kwamba watu hapa wanaogopa hata kusema kwamba wanaogopa. Nisaidie."

Msomaji, maneno yale yalikuwa matamu, na ndiyo maana niliyakimbia. Mzungu mwenye barua ya Bwana Shauri anakuambia serikali ya kwao ni ya kujionyesha! Mtego gani tena ungekuwa wazi kuliko huo? Nikamwona Idrisi anarudishwa ndani ya uzio. "Tunaishukuru serikali," nikamwambia. Akafunga kitabu taratibu, akaenda zake.

Jumapili alialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa Bwana Shauri. Jumatatu ya wiki ya kura, kweupe, askari wanne wakaingia buchani, wakamchukua Abdulatif kisu kikiwa mkononi, na redio wakaichukua.

Harwood akaja mbio, uso umempauka. "Sikutaja jina la mtu! Nilisema tu kwamba nimekutana na jambo la ajabu, jibu moja kwa watu thelathini na tisa. Yeye akaniuliza wa arobaini ni nani. Nikasema ni mtu mmoja mwenye akili sana, ndiye pekee aliyesema ya moyoni mwake."

"Na Bwana Shauri akasemaje?"

"Akasema mwalimu hafanyi mtihani aliowatungia wanafunzi."

Niliwaka. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kimeru, nikamwambia sayansi yake imekula mtu. Alisimama pale akishikilia kofia. Ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza, kwamba yule mtu hakuwa jasusi. Alikuwa mjinga tu, mjinga wa kweli mwenye nia njema, aliyedhani chakula cha mchana ni chakula cha mchana. Na mimi niliyekuwa nikijiona mjanja ndiye niliyechimba kisima alichotumbukia Abdulatif.

Saado, mke wa Abdulatif, akaja Jumanne. Hakulia. Aliketi kwenye benchi, mikono mapajani. "Wanamwuliza ni nani aliyemtuma kuwafundisha watu jibu. Ananiambia, Saado, mimi hata hilo jibu silijui. Hidaya, wewe ulikuwapo siku zote. Ni kweli halijui?"

"Analijua," nikasema, "lakini alilikataa."

"Basi ni la nani?"

Nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya moto. Kamati ilikuwa Ijumaa, siku tatu tu. Ningenyamaza siku tatu, Idrisi angekuwa anakula nyumbani kwangu, na Abdulatif angechukua mahali pake kambini. Nilitamani kunyamaza, sitaki kuficha. Nilisimama pale mpaka maji yakakauka kwenye sufuria. Halafu nikajifunga kanga, nikamwambia Saado, "Twende. Ni langu."

Saado alibaki nje ya ofisi, mimi nikaingia. Nikamwambia Bwana Shauri kila kitu. Nikamsomea sentensi zote tatu. Nikamwambia niliogopa kwa ajili ya ndugu yangu, nikawafundisha watu watulie kama yeye mwenyewe alivyoagiza, na Abdulatif hakuhusika.

Alinisikiliza akitabasamu. "Mama wa chai, utunge maneno yasemwe kutoka Kibirichia mpaka Mitunguu kwa wiki mbili? Nani amekutuma, ni mke wa mwenye bucha?"

"Muulize mzee Marete. Nilimpa yeye kwanza. Yuko hapo nje anangoja pasi."

Marete akaingizwa, kofia mkononi. Bwana Shauri akamwuliza kwa Kiswahili, "Mzee, maneno haya ya kuishukuru serikali mlipewa na nani?"

Marete alinitazama mimi, akawatazama askari, nami nikaona anavyonihurumia. Akajinyoosha. Akajibu kwa Kiswahili chake cha shida, "Hapana mtu. Hiyo iko neno yetu, sisi yote."

"Mzee!" nikalia kwa Kimeru. "Sema ukweli! Sema ni mimi, unaniokoa ukisema!"

"Usiogope, mwanangu," akanijibu kwa Kimeru hicho hicho. "Najua wamekulazimisha. Hata wakinikata, sitakutaja."

Bwana Shauri hakujua Kimeru. "Amesema nini?"

Nikamtafsiria neno kwa neno. Sikuacha hata silabi.

Akaweka kalamu chini. "Hidaya, umeniambia sasa hivi kwamba kwa wiki mbili umekuwa ukimtafsiria Daktari uongo. Leo nikuamini kwa nini?" Kisha akavuta faili la Idrisi, akaandika kitu kifupi juu yake. "Dada yake yumo katika njama ya watu wa mji. Kamati haiwezi kumwachilia mtu arudi katika nyumba kama hiyo. Na huyo Abdulatif wako, nilikuwa sina hakika. Sasa, kwa mnavyomkinga, ninayo."

Nililia pale pale mbele ya askari, sikujali. Marete akanishika mkono kunitoa nje, akininong'oneza kwamba tumeshinda, kwamba neno halikuvunjika. Masikini ya Mungu, alikuwa na furaha kweli.

Saado alikuwa amesimama kwenye jua. Akauliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia yote. Hawakuniamini."

Akamtazama Marete aliyekuwa akitabasamu, akanitazama mimi. Kisha akajitanda shuka lake, akaondoka bila kuniaga, nami nikajua kwamba hata yeye hakuniamini.