Ngoma za Masese

Wimbo wa kwanza ulipokwisha, Bochaberi aliuliza ngoma za kaka yake Masese ziko wapi.

"Nimezitoa," Angwenyi alisema bila kugeuka. "Hizo ulizosikia ni za kompyuta."

Walikuwa watatu katika bendi yao ya roki: Angwenyi kwenye gitaa, Bochaberi mwimbaji, na Masese mpiga ngoma. Albamu waliirekodi Nyansiongo, katika ghala tupu la maziwa. Kabla haijatoka, Masese aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki. Tangu mazishi, Angwenyi alikuwa amejifungia katika studio yake hapa Keroka akizitengeneza upya zile nyimbo.

"Nani alikuruhusu?"

"Masese alikuwa akikimbia, Bochaberi. Kila wimbo anatangulia gitaa. Ulijua, ukanyamaza kwa sababu ni ndugu yako."

"Nirudishie za kwanza."

"Nilizifuta."

Bochaberi alimtazama kisogo. Mwaka mzima mama yake, Bathsheba, ambaye zamani aliita muziki huo kelele za shetani, alikuwa akimwomba amletee nyimbo hizo asikie mikono ya mwanawe.

"Basi nifute na mimi," alisema.

"Usiwe mjinga. Hii kazi ni nzuri."

"Sauti ni yangu. Futa, au kila redio itakayoupiga wimbo huu nitaingia pale niwaambie ulichofanya."

Angwenyi aliguna kwa dharau, akafungua wimbo wa kwanza na kuifuta sauti. "Umeridhika?"

"Bado. Endelea."

Alifuta wimbo baada ya wimbo, akikigonga kipanya kama anayeua siafu. Bochaberi alikaa hapo hapo mpaka wa mwisho. Alipotoka hawakuagana, na hadi leo wakikutana sokoni kila mmoja hutazama upande wake. Albamu haikutoka.

Nyumbani alimkuta mama yake akichambua mboga. Akamweleza yote, akitarajia kuungwa mkono.

Bathsheba alisikiliza, kisha akasukuma ungo kando.

"Yeye alifuta ya Masese. Ya kwako nani alifuta?"

"Mama, nisingekubali—"

"Ulikuwa ukiimba huku mtoto wangu yuko nyuma yako, anakusikia. Sauti hiyo ningeisikiliza. Sasa umeniletea nini?"

Mama yake alibeba mboga zake akaingia jikoni na kufunga mlango.