Viatu vya Fainali

Redio ilitangaza asubuhi kwamba Mkasi, nyota wa timu yetu, hatacheza fainali, na kabla sijamaliza kutunga uzi kwenye sindano, ofisi yangu ilikuwa imejaa wanaume. Naiita ofisi, ila ni chumba cha mbele cha nyumba yangu: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu na benchi la wateja. Wateja wenyewe hawalipati hilo benchi. Miaka yote limekaliwa na tawi la mashabiki, watu wazima ambao hawajawahi kuniletea hata kitufe cha kushona.

"Anaumwa nini?" aliuliza fundi friji.

"Kichwa," akajibu muuza magodoro. "Si aligongwa kwenye nusu fainali? Daktari kasema apumzike."

"Kichwa. Mimi kichwa kinaniuma tangu nioe, na kazini naenda."

Wakacheka. Hata mimi ningecheka, ila nilikuwa na pini mdomoni.

Fundi friji akianza hoja haachi mpaka mtu anune. Alisema mtu akivunjika mguu tunaona plasta, akiteguka bega tunaona kamba shingoni. Huyu anakula, anatembea, jana kaonekana kibarazani kwa mama yake amekaa na miwani ya jua. Sasa huo ni ugonjwa au likizo?

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema muuza magodoro, ambaye ni mpole na hapendi ugomvi.

"Wewe unauza magodoro, lazima useme hivyo."

Mwenyekiti wa tawi alikuwa bado hajasema. Ni mtu mzima mwenye sauti ndogo, na akikohoa watu hunyamaza. Alikohoa, akainua kidole kuelekea picha iliyo juu ya kioo changu.

"Nondo alicheza," akasema.

Basi, mjadala ukaishia hapo. Hakuna mtu mtaani kwetu anayebishana na Nondo.

Nondo alikuwa mume wangu. Alikuwa beki, na jina lake la utani lilimfaa, maana mshambuliaji akimgonga anaumia mshambuliaji mwenyewe. Aligongwa kichwa kwenye nusu fainali, akacheza fainali, akakaba mpaka kombe likaja, na alfajiri yake hakuamka. Hivyo ndivyo wanavyoisimulia, na mpaka hapo ni kweli. Kisha wanaongeza habari ya viatu. Wanasema tawi lilikwenda kumwimbia nyumbani siku ile, naye akatoka mlangoni kiatu cha kushoto kikiwa mguu wa kulia na cha kulia mguu wa kushoto, kwa utani tu, kuwaonyesha kwamba hata akivaa ndivyo sivyo hakuna atakayempita. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo, kila timu ikiingia fainali, tawi letu huvaa viatu kinyume. Utaona mzee mzima anachechemea kwenda dukani, utaona bibi harusi mtarajiwa kakubali kuumia vidole. Mitaa mingine inatucheka, na watu wetu wanajivuna.

Kiatu kilichovaliwa kinyume kina mlio wake. Kinakanyaga kwa wasiwasi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mimi huusikia mlio huo hata siku zisizo za fainali, mchana kweupe, kwenye ujia kati ya chumba cha kulala na ofisi. Nikisimamisha cherehani nisikie vizuri, nao unasimama. Nikiendelea kushona, unaendelea. Sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu mjane akisema anasikia nyayo ataletewa ushauri asubuhi mpaka jioni, na mimi nina nguo za watu.

"Leo saa tisa tunakwenda kumwimbia," Mwenyekiti alisema, "kabla basi la timu halijapita kumchukua kwenda kambini. Shemeji, wewe utatangulia. Akimwona mke wa Nondo mlangoni kwake, atakataaje?"

"Mtamwimbia wimbo gani?" nikauliza na pini zangu mdomoni, ingawa nilijua.

"Ule ule tuliomwimbia Nondo."

Hapo akaingia binti yangu na bango begani. Yeye anafanya kazi kwenye duka la kuchapa mabango, na jioni huongoza nyimbo za tawi. Wanamwita Kinanda. Sauti ile hakuipata kwangu. Mimi nikiimba, hata watoto wachanga hukaa kimya kwa hofu. Alitandaza bango juu ya meza yangu ya kukatia nilipinde kingo, na usoni mwa bango kulikuwa na picha ya baba yake.

"Mama anakuja?" aliwauliza wao, si mimi.

"Anakuja," alijibu Mwenyekiti kwa niaba yangu.

Akanikumbatia kwa nyuma, kidevu chake begani kwangu. "Baba angefurahi," akasema.

Nikatoa pini mdomoni. "Nitakwenda," nikasema. Hawakuniuliza nakwenda kufanya nini.

Nilikwenda mapema, peke yangu. Mama yake Mkasi ni jirani yangu wa nyumba ya tatu, anafua mashuka ya hospitali, mikono yake haikauki. Alinifungulia mlango kidogo tu. "Hapendi mwanga," akasema, akanipitisha. Ndani pazia lilikuwa limebanwa kwa vibanio vya nguo, na saa ya ukutani imevuliwa betri kwa sababu mlio wake ulikuwa unamsumbua. Mkasi alikuwa amekaa kwenye kochi na taulo lenye maji shingoni. Kijana mrefu, mwenye miguu ambayo nchi nzima inaijua, na alionekana mdogo kuliko kochi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unajionaje?"

"Mzima. Uchovu tu." Alitabasamu. "Kocha ameniachia mwenyewe. Kasema, ukijisikia, panda basi. Daktari ndiye mwoga."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sichezi. Redio si imetangaza?" Alisugua paji la uso. "Ila wakija kuimba nitatoka, mama. Najijua. Wimbo ule umenilea. Na nikikaa nje, fundi friji ataniita mwoga mpaka nizeeke."

"Bora uzeeke," nikamwambia.

Alicheka, kisha akaangalia mikono yake. Mama yake alileta chai. Mkasi aliinua macho, akaniona, uso wake ukachangamka kwa heshima kama mtu anayempokea mgeni.

"Shikamoo mama," akasema.

Mama yake aliinamisha kichwa. "Marahaba," nikasema. Nikamtazama mama yake, naye akanionyesha kwa vidole: tangu asubuhi, mara nyingi.

"Nondo aliwezaje?" Mkasi aliniuliza. "Wewe ulikuwepo. Aliwezaje kucheza na kichwa kile?"

Nilifungua mdomo nimwambie, na wimbo ukaanza pale kona ya mtaa.

Kwanza ilikuwa sauti moja. Mtoto wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa anatangulia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia kutokea ndani ya nyumba, kama nilivyomsikia baba yake zamani akiimba bafuni. Ilikuwa sauti ya Nondo kabisa. Kisha wengine wakaitikia, na chini ya wimbo nikasikia miguu. Walikuwa wameshavaa viatu kinyume. Mimi nimezoea jozi moja ya nyayo kwenye ujia wangu, na sasa mtaa mzima ulikuwa unakuja kwa mwendo ule, ukiburuza na kusita, ukielekea mlango wa nyumba niliyomo.

Mkasi alisimama. Alishika ukuta, akatabasamu, akatafuta kwa macho kitu sakafuni. Tabasamu lile nalijua. Halina mtu ndani yake.

"Mshike," nilimwambia mama yake. Nikatoka nje, nikafunga mlango nyuma yangu.

Walikuwa wamejaa mpaka barabarani, bango mbele na Kinanda katikati. Waliponiona walishangilia, wakadhani nimekwenda kuwatengenezea njia. Niliinua mkono. Binti yangu alimalizia ubeti, kisha akanyamaza, na wengine wakanyamaza mmoja mmoja.

"Nondo hakuwa anawatania," nikasema.

Hawakuelewa. Nikaona nisizunguke.

"Viatu. Hakuvaa vile kuwachekesha. Hakujua mguu upi ni upi."

"Shemeji, mimi nilikuwepo," alisema fundi friji. "Tulicheka wote. Yeye mwenyewe alicheka."

"Alicheka kwa sababu nyinyi mlicheka. Hakujua mnacheka nini." "Asubuhi ile alitapika. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kavaa shati juu ya shati. Nilimwambia leo huendi kokote, akasema sawa. Alikuwa amekubali. Tulikuwa tunasubiri gari la kwenda hospitali. Ndipo mkaja kuimba. Mambo yote yalikuwa yamemtoka kichwani, ila wimbo wenu aliukumbuka. Akasimama, akaniambia, samahani dada, viatu vyangu viko wapi. Mimi, mke wake. Nikasimama mlangoni, mkaniondoa kwa kunibeba juu juu, mkiimba, mkidhani nacheza."

Bango lilikuwa likipigwa na upepo. Muuza magodoro aliketi chini palepale vumbini. Fundi friji aligeuka kumtazama Mwenyekiti, na wote wakageuka, kwa sababu Mwenyekiti peke yake hakuonekana kushangaa.

"Ulijua?" fundi friji alimuuliza.

Mwenyekiti alivua kofia. "Shemeji aliniambia siku ya msiba," akasema. "Nikamwambia asimharibie marehemu jina. Watu walikuwa wanalia sana. Ile habari ya viatu ndiyo pekee iliyokuwa inawapa kicheko." Akatazama kofia yake ndani. "Fainali iliyofuata nikavaa hivi. Nilidhani nitavaa peke yangu."

"Huyu mliyemfuata leo ameniamkia mara mbili ndani ya chai moja," nikasema. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kama kuna anayetaka kuimba, aimbe sasa, mimi niko hapa hapa mlangoni, na safari hii mtanivunja ndipo mnibebe."

Hakuna aliyeimba. Waliondoka kidogo kidogo, wengine wakivua viatu na kuvishika mkononi, wakitembea peku kama watu wanaotoka msibani. Basi la timu lilikuja, likapiga honi, likapiga tena. Mama yake Mkasi alitokea dirishani akatikisa mkono: hapana. Dereva alisubiri kidogo kwa adabu, kisha akaondoka. Ndani Mkasi alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kochi. Jioni hiyo ndugu zake walimpeleka hospitali, na daktari aliyempokea alimwambia mama yake kwamba goli moja la kichwa tu lingetosha kummaliza.

Fainali sikuisikiliza. Nasikia tulifungwa, na nasikia kuna watu wa mitaa mingine wanaonilaumu. Mkuki kwa nguruwe. Waje na vichwa vyao tuvigonge kwanza, halafu tuzungumze.

Kinanda hakuzungumza nami siku ile wala iliyofuata. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Siku ya fainali, wakati redio za majirani zote ziko juu, aliingia ofisini akaketi kwenye benchi, ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa tupu. Nilikuwa napima suruali ya mteja. Nikaweka futi chini.

"Kila mtu alikuwa ananiambia baba alikuwa mcheshi," akasema. "Nikiwa na huzuni nilikuwa namfikiria pale mlangoni, na viatu vyake. Nilikuwa nacheka peke yangu."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

"Ndiyo maana ulinyamaza?"

"Ndiyo."

Aliangalia picha iliyo juu ya kioo. Nilimwonea huruma mpaka nikachukia ukweli wenyewe. Nilikuwa nimemwokoa mtoto wa jirani, na wangu nikamwacha yatima mara ya pili.

"Mimi nilikuwa wapi asubuhi ile?" akauliza.

"Nilikuwa nimekupakata. Ulikuwa na miezi michache."

"Alinijua?"

Ningeweza kusema ndiyo. Redio zilikuwa zinapiga kelele, na ndiyo ni neno fupi. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kudanganywa vya kutosha.

"Alikushika kidole," nikamwambia. "Akasema, mtoto mzuri huyu."

Alianza kutabasamu.

"Kisha akaniuliza baba yako ni nani."

Tabasamu lilibaki kidogo usoni, halina pa kwenda. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, ni Nondo. Akafikiri, akasema huyo hamjui."