Wahusika wa Bi Sikudhani

Jana mchana, usingizi ulipompitia mkekani sebuleni, Bi Sikudhani Mrisho aliota ameitwa kazini.

Wasiomjua kwa jina wanamjua kwa sura. Alianza ujanani na kundi la maigizo lililozunguka mikoani, akaingia kwenye filamu, akamalizia kwenye tamthilia za runinga, na kote huko hakuwahi kupewa nafasi ya bibi harusi. Alikuwa mama wa kambo, mchawi, wifi mchonganishi, na zaidi ya yote mama mkwe katili. Watu walimchukia kwa moyo mmoja. Sokoni Tanga muuza nyanya aliwahi kukataa kumuuzia. Lakini nyumbani alikuwa mpole kama maji ya mtungini, na Mwajabu, mke wa mwanawe Sefu, alimwita mama bila kulazimishwa na mtu.

Katika ndoto anaingia chumba cha kuvalia. Dada wa mapambo hayupo. Kwenye kiti chake limekaa wigi la mvi, limekunja nne ingawa halina miguu.

"Umechelewa," wigi linasema.

"Nimestaafu."

"Wewe umestaafu. Sisi je?"

Nyuma ya wigi wanawake wamejipanga foleni. Mchawi amebeba ungo. Wifi anatafuna kitu kisichoisha. Mama wa kambo anajipepea. Wa mwisho ni Mama Kirembo, yule mama mkwe wa tamthilia, amejitanda kitenge chake cha zambarau. Wote wana uso wa Bi Sikudhani, na wameutunza vizuri kuliko yeye mwenyewe.

"Mwigizaji humvaa mhusika," wigi linasema. "Si ndivyo ulivyofundishwa?"

"Ndivyo."

"Basi leo ni zamu ya mhusika kumvaa mwigizaji. Geuka tutafute vifungo."

Anapapasa kisogoni akidhani ni mzaha. Vifungo vipo. Vya baridi, vimeshuka mpaka kiunoni. Akakimbilia mlangoni.

Mlango ulifungukia jikoni kwake. Taa kubwa zilikuwa zinawaka juu ya jiko, na kamera imekaa kwenye kigoda ikinywa uji.

"Polepole, mama," kamera ilisema. "Unatoka nje ya picha."

Sefu naye alikuwepo, amesimama kando ya sinki na nguo zake za kazini. Wale wanawake waliingia mmoja mmoja, wakajipanga ukutani, wakasema kwa pamoja: "Mwanangu!"

"Chagua mmoja," kamera ilimwambia Sefu. "Waliobaki wanarudi kabatini."

Bi Sikudhani alifumbua kinywa. Sauti yake ikatokea kwa mchawi. Alitaka kucheka ili Sefu amtambue kwa kicheko. Wifi alikuwa tayari anakicheka. Akakumbuka kovu la goti la Sefu, alilolipata utotoni alipoanguka kisimani, siri ya mama na mwana. Kabla hajalionyesha kwa kidole, Mama Kirembo akasema, "Goti la kushoto, baba. Nilikufunga kwa upindo wa khanga."

Sefu aliwagonga vichwani kama mtu anayechagua tikiti maji. Alipofika kwa mamake hakusimama.

"Huyu hapa," alisema, akimshika mkono Mama Kirembo. "Huyu ndiye ninayemwona kila siku."

"Nimeipata," kamera ilisema, ikarudia uji wake.

Mama Kirembo akamgeuza Bi Sikudhani taratibu, kama mtu anayejaribu gauni. "Usihofu. Sikai sana. Nina neno moja tu na mkweo." Giza likaingia kwa nyuma, likinuka dawa ya nondo, na kifungo cha kwanza kikafunguka.

Akazinduka, jasho linamtiririka. Feni ilikuwa inazunguka, na nje jua bado kali. Karibu na kochi Mwajabu alikuwa anafunga zipu ya begi, macho yamemwiva kwa kulia.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

Mwajabu akarudi nyuma. "Kwetu, mama. Si umesema jua lisizame nikiwa humu ndani?"

"Nimesema lini?"

"Sasa hivi, jikoni. Umenishika bega, ukaniambia mimi ni mzigo kwa mwanao."

"Mimi nilikuwa nimelala."

"Mama, nimekusikia kwa masikio yangu."

Bi Sikudhani akamsogelea. Kwenye bega la gauni la Mwajabu kulikuwa na alama ya kiganja, nyeupe, ya ile poda ya kuzeeshea nywele jukwaani. Hajaiweka nyumbani tangu astaafu. Akatazama viganja vyake. Visafi.

Hakubishana. Alilisukuma begi nyuma ya kochi, akamketisha Mwajabu mkekani, akamshika mkono kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Kaa hapa na mimi mpaka Sefu arudi," alinong'ona. "Na ukisikia ninakuita kutoka jikoni, usiitike."