Sofa la Bosi

Dada alisikia sauti ya baba yake akiwa bado yuko getini. Alikuwa ametoka kupeleka sare za shule alizoshona, na mzee alikuwa amemwacha na kaka yake mdogo, kitinda mimba wao, aliyekuja kusalimia na mkewe. Mdogo huyo tangu utotoni walimwita Bosi, maana alianza kutuma watu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Dada aliutupa mkoba barazani, akaingia mbio.

Sebuleni palikuwa na sofa jipya, laini, limekaa chini utadhani godoro. Kiti cha mbao chenye mikono, ambacho mzee alikikalia tangu alipofunga kibanda chake cha kinyozi, hakikuwepo. Mwenyewe alikuwa amezama ndani ya sofa, magoti juu, macho yamemtoka. Bosi alimshika mkono mmoja, mkewe ule mwingine, wanamvuta huku kila mmoja akisema lake.

"Inuka, Mzee, chakula kinapoa."

"Baba, jikaze kidogo. Weka mguu huku. Siyo huo."

"Wezi," mzee alilia. "Wezi hawa." Akauchomoa mkono wake, akamzaba Bosi kofi zito la shavu.

Bosi alijishika uso. "Umeona mwenyewe, Dada? Mzee amekuwa mkali. Nimeshampigia shangazi, nimemwambia hapa hakukaliki tena. Ugonjwa wa kusahau umempanda, hata kusimama hawezi."

Dada alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. "Asubuhi amesimama. Jana amesimama. Leo umemtumbukiza kwenye shimo, halafu unashangaa hatoki. Mwachieni."

"Tulikuwa tunamsaidia, wifi," mke wa Bosi alisema.

"Mnamvuta mikono kama gunia la mkaa. Mkimtegua mabega je? Nimesema mwachieni."

Walimwachia. Dada aliketi pembeni ya mzee, akangoja mpaka pumzi za mzee zikatulia. Sauti aliyoitoa ilikuwa laini.

"Baba, ni mimi. Tukale?"

Mzee alimtazama. Bosi akafungua mdomo. Dada akamkata jicho, naye akaufunga.

"Tukale," mzee alisema.

"Sogea mbele, baba." Akamgusa nyonga, upande huu, kisha ule, mpaka mzee akafika ukingoni mwa sofa. Akamwekea nyayo sakafuni, zimerudi nyuma kidogo chini ya magoti. Akaupeleka mkono wa mzee kwenye ukingo wa sofa, wake akauweka mgongoni. "Inama mbele. Sasa simama."

Mzee alisukuma, akainuka nusu, akarudi chini taratibu. Sofa lilikuwa chini mno. Dada hakumvuta. Alimwacha apumzike, akamwambia tena maneno yaleyale, na safari hii mzee alinyooka, akayumba kidogo, akasimama. Dada alibaki ubavuni mwake mpaka miguu ilipopata nguvu, ndipo wakaenda mezani. Mikononi mwa mzee alama za vidole zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu.

"Kiti kiko wapi?" Dada aliuliza.

"Kile kikuukuu? Nimempa mlinzi wa duka la kona. Dada, hili sofa ni zawadi."

"Kakirudishe. Na shangazi mpigie sasa hivi, hapa mbele yangu. Mwambie nani alimshika nani kwa nguvu. Baba amekaa akisubiri watoto wake waje, nyinyi mmekuja kumpakazia ukali."

Bosi alimtazama mkewe apate wa kumtetea. Mkewe alikuwa anaitazama mikono ya mzee.

"Mpigie," wifi alisema.

Bosi alipiga. Maneno yalimtoka kwa kukwama, na shangazi hakumhurumia. Sauti yake ilisikika hadi jikoni. Kisha Bosi alitoka, akarudi jasho linamtiririka, kiti amekibeba kichwani, shati lake la pasi limeingia vumbi.

Jioni mzee alipotaka kwenda chooni, Dada hakunyanyuka. "Nenda wewe," alimwambia Bosi. "Kaa ubavuni, usimkalie mbele. Neno moja kwa wakati, kisha ungoje."

Bosi alichuchumaa kando ya kiti. Alisema, akangoja, akameza mate, akangoja tena. Mzee alishika mikono ya kiti, akainama, akasimama.

"Ahsante, kijana," alimwambia mwanawe. "Wewe ni mtoto wa nani?"

 Bosi alimpeleka baba yake chooni polepole, wameshikana mikono.

Dada hakuwa amemsamehe, na alimwambia hivyo walipoagana. Kisha akamwambia Jumamosi aje mapema kumhudumia baba, ili yeye Dada apate kulala, na aje na gari la kubebea sofa lake.